Noti ya dola 50 ya Australia: mbunge mwanamke wa kwanza chini ya lenzi

Kwa mtu aliyezoea kutoa mfukoni simba, kifaru na tembo, noti ya dola 50 ya Australia ina mambo mawili mageni. Ni ya plastiki, na upande wake mmoja una sura ya mbunge wa bunge la jimbo, mwanamke aliyekaa bungeni muhula mmoja tu kisha akaangushwa. Jina lake Edith Cowan. Tarehe 12 Machi 1921 wapiga kura wa West Perth walimchagua kuingia Bunge la Australia Magharibi. Kabla yake hakuna mwanamke aliyewahi kukalia kiti cha bunge lolote nchini humo, liwe la jimbo au la shirikisho.

Noti hii tunaipima hapa kama bidhaa: inashikikaje, inasomwaje, inaharibikaje, na inamsimulia vizuri kiasi gani huyo mama aliyechapishwa juu yake. Tunazungumzia hasa toleo lililoingia mitaani tarehe 18 Oktoba 2018. Toleo la kwanza lenye sura yake lilitoka tarehe 4 Oktoba 1995, bado ni fedha halali, na mara mojamoja hutokea kwenye chenji. Bei ya zote mbili mnaijua. Ukimaliza kuisoma unaweza kwenda nayo sokoni, sifa ambayo vitabu vingi vya historia havina.

Tuanze na umbo. Noti ina urefu wa milimita 151 na upana wa milimita 65, rangi ya manjano. Dola 20 ina milimita 144, dola 100 ina 158. Upana haubadiliki, ila kila thamani ikipanda noti inarefuka kwa milimita 7, ili asiyeona aweze kuzipambanua kwa kuzilinganisha vidoleni. Toleo la 2018 limeongeza vinundu: pitisha kidole gumba kwenye ukingo mrefu, utagusa vinne, na ukingo wa pili vinne vingine. Dola 20 ina vitatu, dola 100 ina vitano. Ni wazo zuri, na noti ikiwa mpya halikosei. Noti iliyokwisha kukandamizwa kwenye pochi na droo za maduka miaka kadhaa vinundu vyake huwa haviko wazi kama mwanzo, na hapo urefu ndio shahidi wa kutegemea.

Kuna ukanda unaopenya kwa macho kuanzia ukingo wa juu hadi wa chini, kama dirisha jembamba. Ndani yake yumo batamaji mweusi. Inamisha noti mbele na nyuma, utamwona anapiga mbawa. Kuna pia tarakimu 50 inayogeuka mwelekeo, na alama yenye rangi inayoteleza kama mafuta juu ya maji. Batamaji mweusi ndiye nembo ya Australia Magharibi, yumo hata kwenye bendera ya jimbo, kwa hiyo hapa yuko kwao. Maua ya mwakasia yaliyozunguka ni ya mfululizo mzima wa noti za toleo hili, kila thamani na aina yake. Upande wa pili kuna David Unaipon, mwandishi, mhubiri na mvumbuzi wa watu wa Ngarrindjeri wa Australia Kusini. Anastahili tathmini yake mwenyewe, ila tutarudi kwake kidogo mbele.

Sura ya Bi. Cowan imechorwa kwa heshima. Ni mama wa makamo, nywele zimefungwa, macho yanatazama bila kuomba radhi. Alikuwa na umri wa miaka 59 alipochaguliwa, na siku alipotoa hotuba yake ya kwanza bungeni, tarehe 28 Julai 1921, zilibaki siku tano atimize 60. Mchoraji hakumfanya msichana, jambo ambalo noti nyingi duniani hulifanya pale zinapomweka mwanamke. Kuna pia kitu kidogo cha kutafuta: pambo la kifuani lenye umbo la tunda la mkaratusi. Alilitengenezesha mwenyewe kuashiria kwamba mlango wa bunge kwa mwanamke ulikuwa kokwa ngumu kupasuka. Ajuaye habari hiyo ataitazama noti kwa jicho jingine kabisa. Asiyejua atadhani ni kifungo tu cha nguo.

Sasa tuje kwenye sehemu inayoifanya noti hii istahili kusomwa. Nyuma ya bega la Bi. Cowan kuna kitu kinachoonekana kama nyasi, uwanja uliokatwa vizuri. Nyasi hizo ni maneno. Ni mistari juu ya mistari ya hotuba yake ya kwanza, imechapwa kwa herufi ndogo mno hivi kwamba jicho tupu linaona kivuli tu. Sentensi iliyokuja kupata umaarufu ni hii: ni dhima kubwa kuwa mwanamke pekee humu, na nataka kusisitiza haja iliyopo ya wanawake wengine kuwemo humu.

Kuyasoma maneno hayo kunataka subira na vifaa viwili: lenzi ya kukuzia mara 10, aina ile ya mafundi saa na wauza vito, na taa ndogo. Chagua noti safi isiyo na mkunjo sehemu ya picha. Ilaze juu ya meza yenye rangi ya giza na uibane pembe zote, maana plastiki hujikunja na kurudi. Taa iweke ubavuni, imulike kwa mshazari. Ukiiweka juu moja kwa moja, uso wa noti unang'aa na herufi zinapotea ndani ya mng'ao. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakasema hakuna kitu. Sogeza jicho karibu kabisa na lenzi, kisha sogeza kichwa na lenzi pamoja kuelekea kwenye noti mpaka nyasi zipasuke ziwe herufi. Wengi hufanya kinyume, wanashika lenzi mbali na jicho kama wanatafuta mwiba kwenye unyayo, na wanachokiona ni duara dogo lenye ukungu.

Simu nayo inawezekana ikiwa ina kamera ya kupiga vitu vya karibu. Iegemeze kwenye kitu kama vitabu viwili, usiishike mkononi, maana kwa ukaribu huo mapigo ya moyo tu yanatosha kuvuruga picha. Zima mwanga wa simu yenyewe, tumia taa ya pembeni. Piga picha tatu nne, halafu zikuze kwenye skrini. Mtu mmoja aliyefanya jambo la namna hii ndiye aliyeiumbua Benki Kuu ya Australia.

Ilikuwa Mei 2019, noti ikiwa imeshazunguka zaidi ya miezi 6. Msikilizaji wa kituo kimoja cha redio alituma picha iliyokuzwa ya zile nyasi. Neno la Kiingereza la dhima, “responsibility”, lilikuwa limechapwa “responsibilty”. Irabu moja imedondoka, ile ya tatu kati ya herufi i zilizomo. Na kwa kuwa sentensi inajirudia mstari kwa mstari, kosa nalo linajirudia. Wakati huo noti zipatazo milioni 46 zilikuwa mikononi mwa watu, thamani ya dola bilioni 2.3. Benki Kuu ilikiri, ikasema kosa litarekebishwa kwenye chapa inayofuata, na kwamba noti zilizokwisha toka ni halali kama nyingine.

Magazeti yalicheka. Kicheko kilikuwa cha haki, lakini kilipita bila kugusa jambo lenyewe. Maneno ya mbunge mwanamke wa kwanza yalitembea nchi nzima kutoka mashine za fedha hadi vioski vya kahawa, na kwa zaidi ya nusu mwaka kosa lililokuwa ndani yake halikumfikia mtu wa kulitangaza. Sababu haihitaji mganga. Maandishi haya yamewekwa ili mwenye kughushi ashindwe kuyanakili: mashine ya kawaida ya kuchapa ikijaribu, herufi zinagandana zinakuwa mstari wa wino. Hotuba imegeuzwa kuwa kufuli. Kufuli hukaguliwa kama linafunga, halisomwi tahajia.

Kwa mkaguzi wa noti hapa kuna tahadhari. Ukikuta neno limekosewa, usiitupe noti ukadhani ni bandia. Tazama ukali wa herufi. Noti halali herufi zake ni kali hata pale zilipokosewa. Noti bandia haina herufi kabisa, ina ukungu. Halafu tazama namba ya noti: inaanza na herufi mbili, na tarakimu mbili zinazofuata ni mwaka wa kuchapwa. Ikianza na 18 baada ya herufi, uko kwenye kundi lenye kosa. Na usikubali kuuziwa noti hiyo kwa bei ya juu eti ni adimu. Kitu chenye wenzake milioni 46 si adimu. Labda iwe haijawahi kukunjwa na namba yake ina mpangilio wa pekee, na hapo unalipia namba, hulipii kosa.

Hiyo 46 ina utani wake. Kura zilizompa Bi. Cowan ushindi mwaka 1921 zilikuwa 46 zaidi ya za mpinzani wake. Mpinzani mwenyewe alikuwa Thomas Draper, Mwanasheria Mkuu wa jimbo, na Draper ndiye aliyewasilisha sheria ya 1920 iliyofuta kizuizi cha wanawake kugombea. Mchimba kisima huingia mwenyewe, ingawa hiki hakikuchimbwa kwa shari. Noti haina neno juu ya Draper, na hatuilaumu kwa hilo. Lakini fundi wa noti aliyeweza kubana hotuba ndani ya nyasi angeweza kuificha 46 mahali fulani, na watu wangeitafuta kwa raha.

Sasa lawama yenyewe. Noti inakwambia alikuwa wa kwanza. Haikwambii alifanya nini alipofika. Na kwa kweli alifanya mengi kuliko wengi waliokaa vipindi vitatu, vinne.

Mwaka 1922 alipitisha muswada wake binafsi wa kurekebisha sheria ya usimamizi wa mirathi. Kabla ya hapo mtoto aliyekufa bila wosia na bila kuacha uzao, haki ya mama kwenye mali yake haikuwa sawa na ya baba. Baada ya hapo ikawa sawa. Mwaka 1923 ukafuata muswada wake mwingine, uliokuwa Sheria ya Hadhi ya Wanawake Kisheria, ambao uliondoa jinsia kuwa sababu ya kumzuia mtu kufanya kazi ya uwakili na taaluma nyingine au kushika nafasi ya umma. Anayefuatilia mabunge anajua muswada binafsi ni kitu gani. Serikali ndiyo inayopanga saa za kikao, na muswada wa mbunge wa kawaida husukumwa mwisho wa siku, wabunge wameshachoka na wengine wameshatoka. Kupitisha mmoja ni bahati na bidii. Yeye alipitisha miwili ndani ya miaka mitatu, akiwa peke yake, katika bunge lenye mabaraza mawili ambapo la juu lingeweza kuuua muswada bila kelele.

Katika hotuba ileile iliyo nyuma ya bega lake aligusa pia suala la vigari vya watoto kwenye treni. Mama aliyepanda na kigari alitozwa shilingi kwa ajili ya kigari. Jambo dogo, wengine watasema, lakini ni aina ya jambo ambalo bunge la wanaume watupu linaweza kulipita miaka hamsini bila kulijua, kwa sababu hakuna aliyewahi kusukuma kigari hadi kituoni. Laiti fundi angechagua sentensi za kigari ziwe nyasi! Zingeeleza haja ya wanawake wengine kuwemo kuliko sentensi inayoitaja haja yenyewe.

Wala hakutua bungeni kutoka mawinguni. Alizaliwa tarehe 2 Agosti 1861 kwenye shamba la Glengarry karibu na Geraldton. Mama yake alifariki kwa uzazi mwaka 1868. Baba yake alinyongwa mwaka 1876 kwa kumuua mke wake wa pili kwa risasi, Edith akiwa na miaka 14. Mwaka 1879 aliolewa na James Cowan, msajili wa Mahakama Kuu ambaye baadaye akawa hakimu Perth, na kupitia kazi ya mumewe aliona kwa karibu jinsi wanawake na watoto walivyofika mahakamani na walivyoondoka. Mwaka 1894 alikuwa miongoni mwa waanzilishi wa Karrakatta Club, chama cha wanawake wa Perth kilichokuwa darasa lao la kuhutubia na kusoma. Wanawake wa jimbo hilo walipata kura mwaka 1899. Alisaidia kuanzisha chama cha kulinda watoto mwaka 1906, mahakama ya watoto ikaja mwaka uliofuata, na mwaka 1915 yeye mwenyewe akakaa kwenye benchi la mahakama hiyo. Mwaka 1916 ilifunguliwa hospitali ya wazazi ya King Edward Memorial aliyoipigania. Toleo la 1995 lilijaribu kuionyesha kazi hii kwa mchoro wa mama mlezi na watoto. Kwa hilo toleo la zamani lilikuwa na ukarimu zaidi kwa msomaji: picha ilionekana bila lenzi. Toleo jipya limeshinda kwa usalama na kwa wasioona, limepoteza kidogo kwa anayetaka kuelewa.

Na aliangushwa mwaka 1924, akajaribu tena 1927 akashindwa. Aliingia kwa tiketi ya chama cha Nationalist lakini hakupiga kura kwa filimbi ya chama, na mbunge wa namna hiyo hubaki bila mtu wa kumpigania uchaguzi ukifika. Alifariki tarehe 9 Juni 1932.

Kuna jambo moja zaidi ambalo noti inalisema bila kukusudia, kwa kuweka sura mbili pande mbili. Unaipon hakuwa mtu wa Australia Magharibi, lakini wenyeji wa asili wa jimbo hilo, wanaume kwa wanawake, walipata haki ya kujiandikisha kupiga kura za jimbo mwaka 1962 tu. Mwanamke wa kwanza mwenyeji wa asili kuingia bunge lolote la Australia ni Carol Martin, na aliingia bunge lilelile la Perth, mwaka 2001, akiwakilisha Kimberley. Miaka 80 baada ya Bi. Cowan. Kwa hiyo unaposema “mwanamke wa kwanza”, ishike noti wima ili uone pande zote mbili.

Ukitaka kulinganisha noti na kumbukumbu zake nyingine: kwenye lango la Kings Park, Perth, kuna mnara wa saa uliozinduliwa mwaka 1934, na haukukosa wapinzani wakati unapangwa. Kuna chuo kikuu kilichopewa jina lake mwaka 1991, na nyumba yake ya Perth ilihamishiwa kwenye eneo la chuo hicho huko Joondalup. Mnara ni mzuri lakini umezungukwa na magari, na kuusimamia kuusoma ni kazi. Noti inamfikia yule asiyefika Perth maisha yake yote.

Waliomfuata hawana hata mnara wa kiwango hicho. May Holman aliingia bunge hilohilo mwaka 1925 kwenye kiti kilichoachwa wazi na kifo cha baba yake, mwanamke wa kwanza wa chama cha Labor kuwa mbunge nchini humo, akasukuma sheria ya 1926 ya usalama wa wafanyakazi wa mbao, akakaa hadi kifo chake mwaka 1939 baada ya ajali ya gari. Florence Cardell-Oliver, pia wa bunge hilo, akawa waziri kamili mwaka 1949, wa kwanza Australia nzima. Bunge la shirikisho halikupata mwanamke hadi 1943, ingawa sheria iliwaruhusu kugombea tangu 1902. Australia Kusini, iliyotoa haki ya kugombea tangu 1894, ilingoja mpaka 1959. Ruhusa ni karatasi. Kiti ni kitu kingine.

Matunzo, kwa walio nayo. Plastiki hii haipendi moto. Usiipige pasi kuinyoosha: itasinyaa na kujikunja, na haitarudi. Usiiache juu ya dashibodi karibu na kitu kinachochoma. Ikipita kwenye mashine ya kufulia itatoka salama, kausha kwa kitambaa. Mkunjo mkali hauishi; bonyeza ndani ya kitabu kizito siku kadhaa, utapungua lakini alama itabaki, na ikipita juu ya zile nyasi wino unaanza kumeng'enyuka na maneno hayasomeki tena. Noti mpya hugandana, kwa hiyo zihesabu mara mbili, ukizisugua kwa vidole kutenganisha. Kuipasua kwa mkono ni vigumu, ila ikishapata mchaniko mdogo ukingoni, inafunguka mara moja kama mfuko wa plastiki. Mchaniko ukiuona mapema, pesa hiyo itumie, usiifanye ya kuhifadhi.

Ikipungua kipande, kanuni ya Benki Kuu ni hii: kilichokosekana kikiwa chini ya asilimia 20, unalipwa thamani yote. Kikiwa kati ya asilimia 20 na 80, unalipwa kadiri ya kilichobaki. Zaidi ya asilimia 80, hupati kitu. Vipande vyote vipeleke benki yoyote ya biashara nchini humo. Maduka ya kubadilisha fedha nje ya Australia mara nyingi hayataki kabisa noti iliyopungua, hata kwa pembe, kwa hiyo ukipewa moja ughaibuni irudishe palepale dirishani kabla hujaondoka.

Ishara za haraka kwa anayepokea noti hii kwa mara ya kwanza: ikunje kwa ngumi, ikiachiwa ifunguke yenyewe; kwaruza ukingo wa dirisha kwa ukucha, maana dirisha ni sehemu ya noti, si kipande kilichogundishwa; kisha inamisha noti, batamaji apige mbawa. Dola 50 ndiyo inayozunguka kwa wingi kuliko noti zote za Australia na ndiyo wanayoipenda waghushi, kwa hiyo sekunde kumi za kukagua zina maana.

Tunaipa nyota nne kati ya tano. Ile moja imekwenda na vigari vya watoto na miswada miwili. Mwenye kutaka kuweka kumbukumbu, achukue mbili: moja yenye 18 kwenye namba, na moja ya chapa za baadaye. Ziweke sambamba chini ya lenzi, tafuta neno lile nyuma ya bega, halafu hesabu. Kwenye moja lina herufi 13, kwenye nyingine 14.